Nuru ya Kuazima: Uhakiki wa Picha za Kompyuta za Nyumba za Pwani



Hapa Toronto, mwezi wa Desemba jua huzama saa kumi na moja kasorobo jioni, na mtu akitoka kazini hukuta kiza kimeshatanda. Labda ndiyo sababu watu wa huku hatuchoki kuzungumza habari za jua.

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma uhakiki wa diwani, wa riwaya, na mara mojamoja wa nyimbo za taarabu. Leo tunaomba ruhusa tuhakiki kitu kisicho na jalada wala jina la mtunzi, nacho ni picha za ndani ya nyumba zinazochorwa kwa kompyuta na kutiwa mwanga mfano wa jua. Msomaji asiseme kwamba hayo ni mambo ya mafundi mitambo na hayana nafasi katika ukurasa wa fasihi. Picha hizi ni masimulizi kama masimulizi mengine. Zina msimulizi, zina saa na mahali, na zinaweza kusema kweli au kusema uongo. Tena sisi tulio ughaibuni tunazisoma kuliko tunavyosoma riwaya. Kila wiki simu zetu zinapokea sebule ya Dar es Salaam, roshani ya Nyali, chumba cha kulala cha Fumba, vyote bado havijajengwa, na kwa picha hizo watu wanatoa akiba za miaka. Hapa Toronto kwenyewe fleti nyingi mno zimeuzwa kwa mtindo huo huo, jengo likiwa bado shimo.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Picha ya kompyuta inadai kwamba imeshatufungulia na kutuingiza ndani. Swali la mhakiki ni moja tu: ndani ya wapi?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilitufika nyumbani, na nusura litubomolee ukuta.

Mama yetu ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Mkomani. Nyumba ya wazee wake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa nusu mita. Mvua za masika za miaka michache iliyopita ziliangusha sehemu ya dari, na jamaa walioko Toronto, Mombasa na Muscat wakakubaliana kuchanga. Mpwa wetu, aliyezaliwa huku na anayefanya kazi ya kuchora majengo kwa kompyuta katika kampuni moja ya hapa mjini, alijitolea kutengeneza picha ya chumba cha ndani kitakavyokuwa baada ya matengenezo, ili wachangaji waone pesa zao zinakwenda wapi. Aliletewa vipimo na picha za simu kutoka Lamu, akakesha usiku kadhaa, akatuletea kazi yake.

Ilikuwa picha ya kupendeza, hatukatai. Zidaka zilipangwa safu kwa safu, nakshi za plasta zilichongeka vizuri, boriti za dari zilikuwa na rangi yake. Na kutoka kushoto, mahali ambapo dirisha lenyewe halikuonekana, uliingia mwali mpana wa jua, ukakikata chumba kizima mpaka ukuta wa pili, vumbi likielea ndani yake kama dhahabu. Jamaa waliisambaza picha ile huku na huku, na michango ikaongezeka. Fundi wa Lamu naye alipelekewa. Jibu lake lilikuja kwa simu, la adabu na la haki: picha ameiona, ni nzuri, lakini ili mwanga uingie namna ile itabidi ukuta utobolewe madirisha mawili makubwa, na gharama yake ni kiasi hiki.

Siku hiyo hiyo mama alionyeshwa picha kwenye kompyuta. Aliitazama kwa muda, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Nzuri,” alisema. “Nyumba ya nani?”

“Ni ya kwenu, Bibi,” mpwa wetu akajibu. “Ndiyo ndani.”

“Ndani hamwingii jua, mjukuu wangu. Jua likiingia ndani, hiyo tena si ndani.”

Kijana alinyamaza. Sisi nasi tulinyamaza, kwa kuwa tuliisifu picha ile kabla yake, na kwa kazi yetu ya uhandisi tulipaswa kuona mapema alichokiona bibi wa miaka themanini na kitu. Ndipo tukatoa karatasi na penseli.

Jua la wapi?

Kosa la kwanza la picha ile, na la nyingi za aina yake tulizotazama baadaye, ni kwamba jua lake si la kwetu.

Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huwa utosini hasa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Hata siku ambayo jua hilo liko chini kuliko siku zote, yaani karibu na Juni 21 linapokuwa upande wa kaskazini, bado liko digrii 64 juu ya upeo wa macho. Toronto iko karibu digrii 44 kaskazini. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hapa hupanda hadi digrii 70, yaani juu kuliko la Lamu mwezi huo huo, jambo linalowashangaza wengi. Lakini Desemba hushuka mpaka digrii 23.

Sasa chukua mlango wenye kimo cha mita 2 unaotazama jua. Kwa jua la digrii 23, mwali unaopita chini ya kizingiti cha juu hufika sakafuni mita 4.7 kutoka uso wa nje wa ukuta. Kwa jua la digrii 64 hufika mita 1 tu, na nusu ya mita hiyo inaliwa na unene wa ukuta. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3, kwa sababu upana wake umefungwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Mwali wa Toronto wa Desemba ungekivuka chumba kama hicho na kupanda ukuta wa pili. Mwali wa Lamu unaishia mlangoni, kama mgeni aliyepiga hodi asikaribishwe. Ni kweli kwamba asubuhi na jioni jua huwa chini popote duniani, lakini saa hizo kuta ndefu za nyumba yenyewe na za majirani hulizuia.

Mpwa wetu hakukusudia kudanganya. Alikulia hapa, na jua analolijua ni hili linalolala chini wakati wa baridi na kuingia mpaka jikoni. Programu inamruhusu mchoraji kuliweka jua popote kwa mkono, naye akaliweka pale lilipopendeza. Ni sawa na mwandishi wa riwaya anayewavisha wahusika wake wa Lamu makoti ya sufu. Msomaji wa mbali huenda asione kasoro. Mwenye mji ataiona katika ukurasa wa kwanza.

Nuru iliyokatwa njiani

Ikiwa jua haliingii, basi chumba kinapata wapi mwanga? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu.

Nyumba ya mawe ya Lamu imepangwa kwa hatua, na Usam Ghaidan aliueleza mpango huo katika kitabu chake juu ya mji wa Lamu kilichotoka mwaka 1975. Kutoka njiani unaingia daka, kisha tekani, kisha kiwanda, ambacho ni ua usioezekwa. Baada ya kiwanda kuna misana, yaani kumbi nyembamba zinazofuatana, na nyuma yake ndipo penye ndani, pamoja na ukuta wa zidaka. Jua hupiga sakafu ya kiwanda. Sakafu hulirudisha kwenye kuta zilizopakwa chokaa, kuta hulipeleka kwenye msana wa kwanza, msana wa kwanza hulipeleka kwa wa pili, na ndani hupata kilichobaki. Chumba cha ndani kinaishi kwa nuru ya kuazima, iliyokwisha kupita mikono minne au mitano.

Kwa kompyuta hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Programu za mwanzo zilijua kuhesabu nuru inayotoka kwenye taa na kugonga kitu, basi. Kisichogongwa kilibaki cheusi, na mchoraji alikiongezea mwanga wa bandia usiotoka popote ili kisionekane kama shimo. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, kule Ithaca kusini mwa Ziwa Ontario, walionyesha njia ya kuhesabu nuru inayotoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Mfano wao ulikuwa sanduku tupu lenye kuta za rangi, na weupe wake ukaonekana umeambukizwa wekundu wa ukuta wa jirani. Mwaka 1986 James Kajiya aliiandika kanuni nzima kwa mlinganyo mmoja. Kwa lugha ya kawaida mlinganyo huo unasema kwamba nuru inayotoka mahali ni ile ya mahali hapo penyewe, ukijumlisha sehemu inayorudishwa ya nuru yote inayopaangukia kutoka kila upande. Kuuandika ni rahisi, kuukokotoa ndiko kunakochosha, kwa sababu kila ukuta unangoja hesabu za kuta nyingine zote.

Mji wetu huu una fungu lake katika habari hizo. Kampuni ya Alias ilianzishwa Toronto mwaka 1983, na programu ya Maya iliyotoka mwaka 1998 ikaja kutumika katika filamu nyingi, kabla kampuni yenyewe haijanunuliwa na Autodesk mwaka 2006. Eric Veach, aliyesoma Chuo Kikuu cha Waterloo, si mbali na hapa, aliandika tasnifu yake huko Stanford mwaka 1997 juu ya namna ya kuifuata miali ya nuru kwa kubahatisha kwa hesabu, na njia zake zimeingia katika programu nyingi za leo. Blender, ambayo ni ya bure, ina chombo cha kufuata miali kiitwacho Cycles tangu mwaka 2011. Kwa hiyo kijana wa Lamu mwenye kompyuta ya wastani anaweza leo kufanya hesabu ambayo ingezishinda mashine tulizokuwa nazo chuoni.

Lakini kuwa na chombo si kukitumia. Kila mara nuru inapodunda ukutani, hesabu inaongezeka na muda unakwenda, na asiyesubiri hupata picha yenye chengachenga. Kwa hiyo mchoraji huiambia programu ikome baada ya midundo michache. Mpwa wetu alikuwa ameikomesha baada ya miwili. Hiyo ndiyo desturi yake kazini, ambako anachora fleti zenye ukuta mzima wa kioo, na huko hasara yake haionekani sana. Kwa ndani ya Lamu ilikuwa sawa na kumrudisha mgeni kabla hajafika msana wa pili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme chumba kimefungwa na kuta zake zinarudisha asilimia 80 ya nuru, kama chokaa nyeupe safi inavyoweza kurudisha. Nuru ya kwanza ikiwa 1, mdundo wa kwanza unaongeza 0.8, wa pili 0.64, wa tatu 0.51, na ukijumlisha yote mpaka mwisho unapata 5. Ukikoma baada ya wa pili una 2.44 tu, na zaidi ya nusu ya mwanga umeitupa. Na kama kuta zinarudisha asilimia 50, kama rangi ya kijivujivu, basi hata ukisubiri mpaka mwisho hupati zaidi ya 2. Tofauti ya 5 na 2 ni chokaa tupu. Wazee waliopaka upya nyumba zao hawakuwa wakipamba peke yake. Walikuwa wakiwasha taa.

Picha ya mpwa wetu ilikuwa na makosa yote mawili. Kuta alizipa kijivu “ili zionekane za kale,” na nuru akaikata. Chumba kikawa kiza. Ili kukiondoa kiza hicho akaufuta ukuta wote wa kushoto, kwa kuwa haukuwa ukionekana pichani, akaliingiza jua kwa hapo. Wachoraji hufanya hivyo kila siku, na fleti zao hazidhuriki. Lakini kosa moja lilizaa la pili, na la pili lilimfikia fundi likiwa amri.

Picha inayoonyesha kila kitu

Kosa la tatu linahusu jicho. Nje, kwenye jua kali la mchana, kipimo cha mwanga hufika laksi 100,000. Katika chumba cha ndani kinaweza kuwa makumi kadhaa tu. Jicho la mwanadamu lina uwezo wa kuzoea pande zote mbili, lakini linataka muda. Tulipokuwa watoto, tukiingia mbio kutoka pwani, mama alikuwa akitusimamisha penye tekani na kutuambia kwa Kiamu, “Ngojani mato yazowee.” Miaka mingi baadaye ndipo tulipofahamu kwamba nyumba yenyewe imejengwa kwa maneno hayo. Daka linapunguza kidogo, tekani linapunguza tena, na ukifika ndani jicho limeshaandaliwa, kiasi kwamba utusitusi unakuwa mwanga wa kutosha.

Picha nyingi za kompyuta haziwezi kungoja. Zinaonyesha bahari ikimeta nje na kidaka cha chini kabisa ndani, vyote wazi kwa mara moja, kama kwamba hakuna tofauti kati yao. Matokeo yake ni chumba kisicho na kina.

Fasihi yetu ililijua jambo hili zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha majumba ya Pate yalivyoanguka, alizitaja kwanza taa zilizokuwa zikiwaka humo, kisha akawaingiza ndege na wadudu katika vyumba na zidaka zile zile. Msomaji anauona uharibifu kwa sababu ameonyeshwa vipimo viwili vya mwanga, kimoja baada ya kingine. Mshairi hakuwasha kila kitu kwa pamoja.

Siku hizi limezuka na jingine. Mtu huandika maneno machache, na mashine humchorea “chumba cha Lamu” kwa sekunde kadhaa. Mashine ya namna hiyo haifuati mwali hata mmoja. Inafananisha na picha ilizokwisha kuonyeshwa. Ikiwa ilizoonyeshwa ni za hoteli, itakuchorea hoteli. Mpwa wetu na makosa yake tuliweza kumuuliza ukuta ameupeleka wapi. Mashine ile hata ukiiuliza, haina ukuta wa kukuonyesha.

Picha ya pili na ya tatu

Mhakiki akiishia kwenye lawama huwa hakumaliza kazi. Jumamosi moja ya baridi tulimchukua kijana tukaenda naye Makumbusho ya Aga Khan, Wynford Drive, yaliyofunguliwa Septemba 2014. Wasomaji wa Toronto wengi mnapajua. Msanifu wake, Fumihiko Maki wa Japani, aliifanya nuru kuwa ndiyo fikra ya jengo zima. Katikati kuna ua ulio wazi kwa juu, umezungukwa na vioo vyenye nakshi, na jua likipita vivuli vya nakshi hizo hutambaa sakafuni. Kila mgeni hupiga picha vivuli hivyo. Sisi tulimwomba mpwa wetu avipe kisogo na atazame kuta za ndani ambazo jua halizigusi, atuambie mwanga wake umetoka wapi. Alisimama kwa muda, kisha akaonyesha sakafu kwa kidole. Hatukuwa na la kuongeza.

Aliporudi nyumbani aliurudisha ukuta wa kushoto. Aliliweka jua mahali pake kwa tarehe na saa za Lamu, akazipa kuta asilimia 80, na akaiacha nuru idunde mpaka ichoke yenyewe. Kompyuta ilifanya kazi usiku kucha. Picha iliyotoka ilikuwa ya kimya: weupe wa mbali upande wa msana, kisha chumba kikizama polepole kuelekea zidaka.

Mama aliitazama. “Hii saa ngapi?”

“Saa sita mchana, Bibi.”

“Saa sita sisi tulikuwa msana, penye upepo. Ndani hakuna mtu.”

Huo nao ni uhakiki, tena mkali kuliko wetu. Tulikuwa tumechora mahali sawasawa, kwa saa ambayo mahali hapo hapana maisha. Kijana akasogeza jua mpaka saa kumi alasiri, akangoja usiku mwingine. Katika picha ya tatu mama alinyoosha kidole mpaka kikagusa kioo, penye kidaka cha chini upande wa kulia, ambacho kilikuwa karibu cheusi.

“Hapa palikaa ufunguo wa sanduku,” alisema. “Huuoni. Unapapasa tu.”

Kwa maoni yetu picha hiyo ya tatu ni nzuri kuliko ya kwanza, ingawa haitampendeza mtu anayepitisha kidole kwenye simu. Kasoro imebaki. Chokaa yake ni sawasawa mno, haina mawimbi ya mkono wa mpakaji wala mabaka ya unyevu, na dari ni safi kupita kiasi. Lakini inaeleza mahali, saa, na namna ya kukaa. Na imetusaidia kwa jambo ambalo hatukulitarajia.

Tulipoilinganisha na picha za simu zilizotoka Lamu, tuliona kwamba hesabu ilikuwa inatupa mwanga mwingi kuliko uliokuwako kweli. Tukadhani tumekosea. Tulirudia vipimo, tukarudia asilimia, jibu likawa lile lile. Mwisho tukapiga simu kuuliza kiwanda kiko katika hali gani. Tukajibiwa kwamba tangu dari ianguke, kumetandazwa mabati juu ya nusu ya kiwanda ili mvua isiingie, na kuta za misana zimeota ukungu wa kijani hazijapakwa kwa miaka. Kumbe nyumba haikukosa madirisha. Ilikuwa imefunikwa taa yake.

Tulimweleza fundi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kuondoa mabati, kukwangua na kupaka ni kazi ndogo kuliko kutoboa ukuta wa nusu mita, na kwamba yeye alifuata picha tu, kwa kuwa ndiyo aliyopelekewa na wenye pesa. Ana haki. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, lakini kuta zake zinaweza kubomolewa na sisi wenyewe, kwa mapenzi na kwa michango, kutoka mbali, kwa sababu ya picha moja iliyohesabiwa nusu.

Hatutaki msomaji adhani kwamba jamaa wote wamekubali. Binamu yetu wa Muscat anasema wazee walikaa katika utusitusi kwa sababu hawakuwa na la kufanya, na anauliza mtoto wa leo atasomea wapi vitabu vyake. Swali lake ni la haki na hatuna haja ya kulikwepa. Mtoto atasomea msana, mchana, kama tulivyosomea sisi, na usiku atawasha umeme. Lakini huo ni mjadala wa kweli, juu ya nyumba ya kweli, na unastahili kujadiliwa. Kabla ya picha ya tatu tulikuwa tukijadili nyumba isiyokuwapo.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mkiletewa picha ya sebule au chumba, msiisome haraka kuliko mnavyosoma shairi. Ulizeni jua liko upande gani na ni saa ngapi. Ulizeni ukuta ulio nyuma ya anayetazama uko wapi. Ulizeni mwanga uliopo pembeni umetoka wapi, na umepita kuta ngapi kufika hapo. Mwuzaji mkweli atakuwa na jibu, na asiye na jibu akiba yenu bado iko mfukoni.

Chokaa imeshanunuliwa. Fundi anasema ataanza kuipaka mabati yakishaondolewa, kabla ya masika.

Wasalaam.